Muderhwa Anyoosha Mkono Ukutani

Vidole vya Muderhwa, mpiga gitaa la solo wa Bukavu, viliwahi kuwainua wake za watu vitini bila ruhusa ya mtu. Waulize waliocheza, ingawa hakuna aliyecheza vizuri kuliko anayekusimulia.

Juni 2004 alivuka daraja la Rusizi kuja Mururu, upande wa Rwanda, amsalimie mama yake mdogo, Nyiraneza, siku mbili tu. Gitaa aliliacha nyumbani. Nani huenda kwa mama mdogo na gitaa? Risasi zikalia Bukavu, mpaka ukafungwa, siku mbili zikazaa wiki. Nyiraneza naye halishi mtu bure: alimpa jembe, achimbe udongo wa matofali.

Jembe na gitaa ni wake wenza. Kila asubuhi Muderhwa aliamka vidole vimejikunja kana kwamba bado vimeshika mpini, na kigasha kimekaza kama kamba ya ng'ombe. Hofu ikamwingia: siku utakapofunguliwa mpaka, atavuka mwanamume tu, mpiga gitaa atabaki shimoni. Ndiyo maana jioni moja alisimama ukingoni mwa shamba, akanyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama Bukavu, na kwa mkono wa pili akavivuta vidole kifuani polepole, msuli uvutike usiume. Akageuza kiganja chini, akavuta tena. Akamaliza kwa kukung'uta mikono kama kuku aliyenyeshewa.

Sasa, ng'ambo ya bonde ni Kongo, na kilimani upande wetu kuna askari wenye darubini, wanaolinda mpaka. Unaona akili ya fundi wetu!

“Uko unapungia nani mukono?” afande Munyaneza alimuuliza kesho yake asubuhi, askari hao walipomleta kituoni.

“Hakuna muntu, afande. Niko nanyoosha misipa. Miye niko mupiga gitare.”

“Gitare iko wapi?”

“Bukavu.”

“Bukavu wapi?”

“Pale—”

“Shusha mukono!”

Afande akaagiza liletwe gitaa la kwaya ya kanisa. “Piga. Ukishindwa, tutajua weye ni nani.”

Muderhwa akalishika. Baridi, vidole vigumu. Kidole cha mwisho kikagoma kufika kwenye waya, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi anayefungwa.

“Afande, uniache ninyooshe kwanza.”

“Ile alama tena? Mbele yangu?”

Hapo akabanwa kweli. Asiponyoosha, hapigi; akinyoosha, ni jasusi.

“Basi nigeukie ukuta,” akasema. “Ukuta hauna ndugu Kongo.”

Askari mmoja akacheka. Afande hakucheka, ila aliruhusu. Muderhwa akanyoosha, pua kwenye udongo, bunduki nyuma yake. Alitaka kuharakisha, akajizuia: msuli ukivutwa kwa woga huzidi kukaza. Akapumua. Kidole kimoja kikalegea, kisha mwenzake. Alipolirudia gitaa, mguu wa afande ulianza kutikisika kabla mwenyewe hajaukataza.

“Wende,” Munyaneza akasema. “Lakini kunyoosha ni ku ukuta tu. Nikiona ile kiganja inaangalia ng'ambo, sitauliza tena.”

“Asante, afande. Na mupaka?”

“Umefungwa.”

Jioni hiyo Muderhwa akasimama nyuma ya jiko la mama mdogo, kiganja kwenye ukuta wa udongo uliowekwa weusi na moshi. Mgongoni kwake, ng'ambo ya maji, mtu alifungulia redio: wimbo wa kwao, na solo aliyoipiga yeye mwenyewe ilikuwa karibu kuingia. Hakugeuka. Akausukuma ukuta.

“Weye, utaniangushia jiko!” Nyiraneza akapiga kelele ndani.

“Halianguki, tantine. Nimelijaribu.”