Aliyemsadiki Mbwa

Ilitangazwa na wakubwa wa idara ya mifugo, kwa waraka wenye muhuri, kwamba mnyama hana wasiwasi. Kwa hiyo mbwa anayejilamba mguu mpaka nyama ionekane anaugua ngozi, na apakwe dawa ya zambarau. Barnaba Shikanga, msaidizi wa daktari wa mifugo mjini Kakamega, alipaka miaka kumi na minne. Mbwa waliilamba dawa, kisha wakaendelea na mguu.

Nyumbani kwake Shirere, mkewe Khalayi alinawa mikono. Alinawa hadi vifundo vya vidole vikapasuka, akajikausha, akanawa tena. Barnaba alificha sabuni. Khalayi akanawa kwa majivu. Barnaba akatia mfereji kufuli.

"Baba Mitchel, mimi najua ni safi," Khalayi alimwambia. "Ni mikono tu haisikii."

"Basi iambie."

Mwaka wa tisini na mbili Khalayi alirudi kwao Butere, ambako kisima hakina kufuli.

Miaka minne baadaye, mwalimu mmoja mstaafu wa Mukumu alileta mbwa mwenye mguu mbichi. Barnaba alikuwa ameshaifungua chupa ya zambarau, Daktari Jepkosgei, aliyetoka chuoni juzijuzi, akamzuia.

"Weka hiyo, mzee. Shida ya huyu iko kichwani. Ubongoni kuna kemikali, serotonini, inayopitisha habari kati ya neva. Inaonekana kwa mbwa kama huyu habari ya 'imetosha' haifiki sawasawa. Wataalamu wamewapa vidonge wanavyopewa watu wasioacha kunawa mikono, na wengi wakapunguza kulamba. Sasa wanachunguza ugonjwa wa watu kupitia mbwa."

"Watu wasioacha kunawa?"

"Wapo. Wanajua kabisa mikono ni safi, na kujua hakuwasaidii. Mzee, mbona umekaa chini?"

Jumamosi Barnaba alikuwa Butere, jina la kidonge likiwa kwenye karatasi. Khalayi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, vidole vimefungwa vitambaa. Barnaba akaeleza yote: ubongo, neva, mbwa. Akasema alikosa, warudi nyumbani, kufuli ameitupa.

"Nilikuwa nakuambianga," Khalayi akasema. "Miaka sita, hukusadiki. Mbwa hata hajaongea, ukamsadiki siku moja."

Kwa kweli hata siku moja haikuisha: Barnaba alimsadiki mbwa kabla ya saa nne asubuhi.

Khalayi akaichukua karatasi, akaikunja ndogo. "Hii nitapeleka hospitali mwenyewe. Salimia mbwa."

Hakurudi Shirere. Mbwa wa mwalimu alimeza vidonge, na wiki ya tisa akaacha kujilamba. Ngozini hakuna aliyempaka kitu.