Mzima, Ila

Mumewe alikuwa amemwahidi kwamba huko waendako kila kitu ni kubonyeza tu. Kweli, hakudanganya. Mlango wa jengo ulibonyezwa, lifti ilibonyezwa, na zahanati yenyewe ukitaka kuongea na muuguzi unabonyeza moja, kisha tatu, kisha unasikilizishwa muziki mpaka mkono ufe ganzi. Kilichokosekana ni kitufe cha kumwamsha bwana huyo akambembeleze mwanawe.

Kwao alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wa kupanga foleni, na mdomo wa kuwapangia siku. Hapa alikuwa mama wa binti wa miezi minane, chumba na sebule, ghorofa ya sita, na jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio kila mtoto alipolia. Cherehani kilibaki kwao. Bwana Mipango, maana ndivyo alivyomwita mumewe kimoyomoyo, alisema mzigo umezidi uzito, kisha akapakia suti zake tatu. Kazi aliyoipata ni ya kupanga maboksi ghalani, na mpaka leo hizo suti zimening'inia kabatini zikisubiri kuitwa.

Jumatatu mtoto akaamka na homa, anavuta sikio la kushoto, ziwa halitaki. Mama akabonyeza moja, akabonyeza tatu, akasikiliza muziki. Muuguzi akauliza, kwa lugha yao ambayo fundi alikuwa ameisomea miezi minne, mtoto anaendeleaje. Naye, aliyelelewa akaleleka, akajibu kama watu wenye adabu wanavyojibu:

"Mtoto mzima, ila..."

"Vizuri sana! Nafurahi kusikia. Siku njema."

Jumanne akarudia, safari hii akaongeza na shukrani. "Hajambo, tunashukuru, ila..." Yule akafurahi zaidi ya jana, na simu ikakatwa.

Hebu tuambizane ukweli. Kwetu "mzima" si habari, ni kubisha hodi. Humvamii mtu na ugonjwa kabla hujamtoa wasiwasi. Hata aliyevunjika mguu husema hajambo kwanza, mguu utafuata. Habari yenyewe inakaa nyuma ya "ila", na kila mwenye akili zake huisubiri pale pale. Waungwana wa huko, na mashine zao zote, jambo dogo hilo liliwapita kando.

Jumatano akaja wifi yake, dada wa mumewe. Huyu alikuwa ameishi nchi hiyo miaka kumi na moja na alijibeba kama ndiye aliyeweka lami.

"Wifi, hawa hawataki salamu ndefu," akasema, koti hajalivua. "Unataja ugonjwa, basi. Nyinyi wa juzi mnatuaibisha."

"Sasa nianze na sikio, mtu hata sijamjulia hali?"

"Shauri yako. Mimi sina mtoto wa kuumwa sikio."

Bwana Mipango, kochini, hakuinua macho kwenye simu yake. "Atapoa tu huyo. Watoto ndivyo walivyo."

Alhamisi asubuhi mto wa mtoto ulikuwa na usaha.

Hakubonyeza kitu. Alimfunga mtoto mgongoni akashuka kwa ngazi, maana lifti ilikuwa juu, na dakika kumi baadaye alisimama mbele ya dada wa mapokezi. Dada akatabasamu, akamuuliza hali.

"Mbaya," akasema fundi. "Mtoto mgonjwa. Sikio linatoa usaha. Siondoki."

Tangu azaliwe hakuwahi kumjibu mtu hivyo. Aliona aibu kama aliyetoka nje bila nguo, lakini mlango wa daktari ulifunguka hapo hapo. Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Daktari aliandika dawa, akasema kama mtoto amepoteza usikivu watajua baada ya wiki sita. Kisha akamuuliza, kwa ukali wa upole, kwa nini alikaa kimya, akamgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Jumatatu: mtoto mzima. Jumanne: mtoto mzima.

Wiki sita zile hakuzilala. Kila asubuhi alitikisa funguo upande wa kushoto, mtoto akigeuka yeye anajiambia ni bahati tu. Siku ya kipimo daktari alisema sikio limepona, anasikia vizuri kabisa. Alasiri hiyo akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Amepona, anasikia."

"Alhamdulillahi. Na wewe, mwanangu?"

"Mimi mzima."

Kochini, Bwana Mipango akasikia kwamba mkewe ni mzima, akaongeza sauti ya televisheni. Kule upande wa pili mama alikuwa anasubiri.

"Ila?" akauliza mama.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike huko mtu kumuuliza hilo. Alichukua simu akatoka nayo kwenye ngazi, akaketi, akalia, kisha akaanza kumweleza.