Gari la Binti Yangu Hupandi na Viatu

Binti yangu ni dereva wa watalii, na gari lake hupandi na viatu. Uwe nani, uwe umetoka wapi, unavua. Vinaingia kwenye kasha la chuma nyuma ya gari, anapiga kufuli, ufunguo anautia mfukoni. Utavipata mkishatoka getini jioni. Hutaki, magari ya kupanda na viatu yapo tele, kapande hayo.

Madereva wenzake wakampa jina, Mama Pekupeku. Walidhani wanamtukana. Siku moja nilikwenda kituoni kwao kumpelekea dawa ya kifua aliyoisahau nyumbani, nikamkuta mmoja wao, mrefu kama mlingoti na huko juu hamna kitu, anatembea peku juu ya kokoto, mkono kiunoni, anamwigiza mwanangu. Wenzake wameshika mbavu. Nikamwambia, "Cheka, baba, cheka sana. Mwenzio hajawahi kurudisha mgeni kwenye machela." Kicheko kikamkauka, maana yeye alishamrudisha mmoja, na kila mtu pale alijua.

Nataka niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu watu wanaisimulia wanavyotaka.

Aliyeanza udereva ni mume wake, mkwe wangu. Kijana mcheshi, mikono myepesi, hana roho mbaya. Ila mdomo wake haukujua kumwambia mgeni hapana. Mgeni akisema sogea, anasogea. Akisema sogea tena, anasogea tena. Basi wakamkuta nyati amelala zake kwenye majani, na mgeni akataka kushuka apigwe picha karibu naye, kama vile wanachumbiana. Mkwe wangu akamwachia ashuke. Nyati akainuka. Mkwe wangu akaruka nje kumvuta mgeni, mgeni akatangulia kuingia garini na kufunga mlango, mwenye gari akabaki nje na nyati. Nyonga ikavunjika kama kijiti cha kuchokolea meno.

Siku hizi anatembelea fimbo, anatengeneza redio na simu za watu pale mlangoni. Yule mgeni alituma salamu za kuomba radhi. Salamu haziungi mfupa. Watu wananiambia, bibi, si alishaomba radhi, msamehe. Nimsamehe kwa lipi, nyonga ilikuwa yangu? Na mkwe naye sijamalizana naye. Namlaumu kidogo kidogo, leo hivi kesho vile, asije akachoka mara moja.

Binti yangu wakati ule alikuwa anaosha magari kwenye kampuni ileile. Kuendesha alijifunza hapohapo uani, kulitoa hili kulipisha lile. Mumewe alipoanguka, alikwenda kwa bosi akaomba usukani. Bosi huyo mie namwita Tai, si yule ndege, ni ile nguo ya shingoni. Hana siku anayoivua, hata kwenye vumbi. Akamwambia mwanamke hawezi mbuga. Wakwe zake nao wakasema hivyohivyo. Shemeji yake akauliza gari likipata pancha mbele ya simba atafanyaje. Binti yangu akamwuliza, "Wewe ungefanyaje, shemeji?" Jibu hadi leo tunalisubiri.

Akafanya mtihani akafaulu, na Tai akampa gari shingo upande. Wiki ya kwanza tu akarudi nyumbani, akakaa jikoni kwangu anazungusha kikombe. Mgeni alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, na tembo wako pale, na yeye amepiga kelele mpaka sauti imemkauka. Kisha akaniuliza, "Mama, sisi tulivyokuwa wadogo ulikuwa unatuzuiaje kwenda machimboni?"

Nyuma ya nyumba tuliyopanga palikuwa na machimbo ya kokoto, mashimo marefu kama visima, na wanangu wa kiume walikuwa na kichaa cha kwenda kuruka kule. Mie nafua mashuka hospitali kutwa, nani awachunge? Fimbo hawakuisikia. Nikawa nikienda kazini naondoka na viatu vyao vyote kwenye kikapu. Kule chini ni mawe yenye makali, hakuna mguu mtupu utakaofika mbali. Majirani walinisema, wakaniita mchawi wa kandambili. Lakini wanangu wote wamekua, na wote wana miguu miwili.

Nikamkumbusha. Akamaliza chai yake. Keshoye akaenda kwa mchomeleaji kutengenezesha kasha.

Na akili ile ilifanya kazi, msione hivi. Mbuga ile chini ni mbigili tupu, na jua likipanda mchanga unakuwa kama kikaango. Mtu mwenye viatu anajiona shujaa. Mtu mwenye unyayo mtupu anamkumbuka mama yake. Wageni wananuna asubuhi, wanatazamana vidole, wengine miguu yao laini kama mkate uliolowa, haijawahi kusalimiana na ardhi. Mchana wameshasahau, wanamtazama tembo kupitia tundu la paa kama watu wenye akili. Waliokuwa wakining'inia mlangoni na simu zao hawaning'inii tena.

Ila malalamiko hayakosi. Mmoja alisema amedhalilishwa, mwingine alisema soksi zake zilikuwa na tundu na wenzake wakamwona. Tai alivumilia kwa vile gari la mwanangu halikuwa na kesi. Halafu akaja mama mmoja mwenye kampuni kubwa ya kuleta wageni, anatafuta wa kufanya naye kazi. Tai akachanganyikiwa, akaanza kupaka rangi hadi mawe ya uani. Akamwita binti yangu akamwambia nitapanda mwenyewe siku ya kumtembeza, na siku hiyo viatu vinabaki miguuni. Ukithubutu kufungua lile kasha, hiyo ndiyo siku yako ya mwisho hapa.

Nyumba nzima ile inakula kwenye usukani ule. Watoto wanasoma, mkwe na redio zake anapata ya chumvi tu. Jioni mwanangu alikuwa anapiga pasi shati la kazi, nikamwuliza, sasa? Akasema, "Nitalifungua, mama." Akageuza kola, akaendelea kupiga pasi. Mumewe akasema kwa siku moja tu dunia haitaanguka. Nikamwambia yeye ndiye wa mwisho kusema hilo neno siku moja.

Yaliyofuata sikuyaona, nimeyapata kwa binti yangu, mtu asiyeongeza chumvi hata kwenye mboga. Asubuhi alifungua kasha mbele ya wote. Tai akacheka kama mtu anayeumwa jino, akasema dereva wetu huyu ana utani. Yule mama akauliza sababu. Binti yangu akamweleza habari ya nyonga ya mumewe, kwa kifupi, bila kulia lia. Yule mama akainama akavua. Wenzake aliokuja nao wakavua vilevile. Akabaki Tai na viatu vyake vyeusi, vimechongoka mbele kama sindano, akasema yeye si mgeni, yeye ni mwenye mali. Na mwanangu akamwacha. Hapo alilegea. Nilimwambia siku ileile na bado namwambia. Sheria ukiitoboa tundu la sindano, bosi atapita mzimamzima.

Wakaenda mpaka kwenye bonde wakamkuta tembo dume peke yake, anakwangua magome ya mti. Binti yangu akasimama mbali, akazima injini. Yule mama kuona anaona, ameridhika. Tai ndiye hajaridhika. Akasema sogea, binti yangu akasema hapa panatosha. Basi Tai, ili mgeni ajue nani mkubwa, akasema tembo hawa ni kama ng'ombe wetu, wamenizoea tangu nikiwa kijana. Akafungua mlango wa upande wake, akashuka. Akapiga hatua kumwelekea, akageuka na kutabasamu apigwe picha. Mgongo kampa tembo.

Tembo akainua kichwa, akatandaza masikio. Binti yangu akamwita bosi, taratibu, arudi. Tai akapunga mkono kwamba nyamaza. Kisha masikio yale yakalala, mkonga ukakunjwa, na mnyama akaja bila kelele. Hapo ndipo bwana mkubwa akatazama nyuma. Akasimama pale kama nguo iliyoanikwa.

Mwanangu aliniambia mkono wake ulishafika kwenye kitasa. Alitaka kuruka amvute. Akamkumbuka mumewe, akautoa mkono. Akawasha gari, akalipeleka palepale alipo Tai, akaliingiza katikati yake na tembo, na kwa dirisha akamshika ile tai yake. Ndiyo, tai. Akamvuta nayo mpaka mlangoni, yule mama na wenzake wakamdaka mabega, wakamwingiza kichwa mbele kama gunia. Tembo akalipiga gari pembe nyuma, akalisukuma likaenda upande, lakini mwanangu alishaweka gia. Wakaondoka na Tai miguu inaning'inia nje, anakohoa.

Ningeweza kuishia hapa, na hapo pangenitosha. Lakini Tai hakuishia hapo.

Kulikuwa na gari la kampuni nyingine ng'ambo ya bonde, likaona, likatoa taarifa getini. Na sheria ya mbuga ile ni kwamba mtu akishuka mahali pasiporuhusiwa, lazima ajulikane ni nani. Akiwa mgeni au dereva mwenyewe, dereva anafungiwa. Akiwa mwenye kampuni, mwenye kampuni anafungiwa. Mkuu wa hifadhi akawaita kesho yake.

Jioni ile Tai alikuja nyumbani kwetu, shingo ina mchubuko mwekundu. Alileta sukari na mafuta ya kupikia. Akakaa kwenye kiti cha mkwe wangu bila kukaribishwa, akamwambia binti yangu kwa upole kwamba kesho aseme ni yeye dereva aliyeshuka, kuangalia tairi. Atafungiwa msimu mmoja tu. Mshahara utaendelea, na akirudi atakuwa mkuu wa madereva wote.

Mkwe wangu akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Akasema uongo mdogo kama huo hauui mtu. Mie nilikuwa nachambua mchele, nikaona nikifungua mdomo nitaharibu, nikaufunga. Si kawaida yangu, mashahidi wapo.

Binti yangu akasema, "Bosi, ningeshuka mimi, wewe usingekuwepo hapa kuniomba."

Tai akasema basi kazi hana, afikirie watoto wake. Binti yangu akasema anawafikiria. Kisha akamfungulia mlango. Nikanyanyua sukari na mafuta nikampa mkononi. Nikamwambia, "Umesahau mzigo wako, baba."

Alipoondoka, mkwe wangu akafoka, watoto watakula nini. Mwanangu akamwambia kwamba yule mgeni wa nyati naye alitaka kidogo tu. Mkwe akachukua fimbo yake akatoka nje, akakaa huko na giza lake. Nilitaka kumfuata niongeze la kwangu. Binti yangu akanizuia na jicho moja tu, nikarudi kwenye mchele.

Getini mwanangu alisema kila kitu kama kilivyokuwa, Tai amekaa hapo pembeni. Tai akasema mwanamke huyu ana kinyongo kwa sababu amefukuzwa. Mkuu wa hifadhi akauliza amefukuzwa lini. Tai akasema jana. Mkuu akauliza kwa kosa gani. Hapo bwana mkubwa akaanza kutafuna maneno. Na yule mama wa kampuni alikuwa amekuja, hakuna aliyemwita. Akasema waliomwingiza mtu huyu garini ni sisi, na mikono yetu bado inauma, maana ni mzito.

Tai akafungiwa mwaka mzima asivuke lile geti. Na yule mama akamwambia wageni wake atawaleta, ila atawaleta kwa dereva yule, na yeyote atakayepanda, mwenye mali au asiye na mali, atavua. Kama dereva yule hayupo, yeye atamfuata aliko.

Basi Tai akarudi kwetu. Safari hii hakuketi. Akasimama hapo mlangoni akaniambia mie, si binti yangu, "Mama, niongelee na mwanao."

Nikamwambia, "Mwanangu ana masikio yake. Mwambie mwenyewe, na mwambie yote."

Akamwambia. Alimwita dada, hajawahi. Akaomba radhi mbele ya mkwe wangu na mbele ya watoto waliokuwa wanajifanya wanasoma. Binti yangu akampokea, akasema atarudi kazini. Yeye amemsamehe, ana moyo wake. Mie wangu nimeukalia.

Asubuhi aliondoka kwenda kazini na lile shati lake limenyooka. Mkwe wangu alikuwa ametangulia mlangoni na fimbo yake, akamfungulia, akampa chupa ya chai aliyoipika mwenyewe. Na mie siku hiyo sikumsema. Nilisimama dirishani mpaka binti yangu alipokata kona. Jirani alikuwa anafagia uwanja wake. Hakuniuliza lolote, nikamwambia hata hivyo kwamba yule ni mwanangu.