Kenchi Zilizobomolewa Kitui

Siku niliyoripoti katika shule ya ufundi, nje kidogo ya mji wa Kitui, katika miaka ya thelathini, Mkuu wa Shule, Mzungu, alinionyesha uwanja mtupu akasema, "Fundi, hapa ndiyo mahali ya kujenga." Nilikuwa nimetoka Mombasa, Kikamba sikukijua, wala sikuwa na jamaa huko.

Ninyi mnaosomea uhandisi katika chuo kikuu huenda msiamini tulivyofundisha. Mtihani wa useremala ulikuwa kusimamisha kenchi, yaani pembetatu ya mbao ibebayo paa. Viungo vilikuwa vya ulimi na tundu, vikakazwa kwa vigingi vya mti badala ya misumari, kwa sababu mbao zilikuwa adimu. Mkuu akisharidhika, darasa liling'oa vigingi, na mbao zile zile zikapewa darasa lililofuata.

"Mwalimu," aliniuliza Mutua, mwanafunzi kutoka kijiji cha Matinyani, "mama akitaka kujua nimejenga nini, nimwambie nimejenga hewa?"

Wenzake walicheka. Mimi niliomba kenchi moja tu iachwe, ibebe paa la baraza ya karakana.

"Mbao hii ni ya kufundisha," Mkuu alijibu, "hapana ya kuezeka."

Mwaka uliofuata niliomba tena. "Ngoja kwanza, Fundi." Nikangoja. Jioni nilikula peke yangu, nikiutazama uwanja ule.

Kisha ikaja amri ya kuifunga shule. Mimi nihamie Kibwezi, kutengeneza milango ya kambi ya barabara. Wanafunzi waliondoka, ikabaki kenchi ya darasa la mwisho. Niliomba mara ya tatu.

"Nani atabaki hapa kuiangalia?" Mkuu aliuliza, bila ukali.

Nilichukua nyundo. Kenchi haibomolewi na mtu mmoja: mmoja hugonga vigingi, mwingine hushikilia kilele kisianguke. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine, Mkuu alivua koti, akapanda ngazi, akashika. Kigingi cha juu kilikataa kutoka.

"Imekaza sana," alisema.

"Ni kazi ya Mutua, Bwana."

Alishika kilele upya, akasema, "Gonga tu, Fundi."

Nikagonga.

Baadaye nilitumikia vituo vingi, nikitengeneza milango na meza. Nilipostaafu, watoto wa dada yangu waliniomba niwapeleke Kitui wakaone nilichojenga. Niliwaambia barabara ni mbovu.