Mikono ya Kumwosha Bi Riyama

Mtaa wetu una watu wepesi wa kulia msibani na wazito wa kumgusa anayeliliwa. Nayasema haya kwa kuwa nilikuwepo siku aliyokufa jirani yangu, Bi Riyama Mmanga wa Mwembetanga.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, Bi Riyama ndiye aliyewaosha wanawake waliokufa mtaani. Aliwaosha waliokufa kwa kipindupindu, na wale ambao ndugu zao waliwafungia mlango kwa kuogopa ukimwi. Hakuwa mtu wa kusimama mbali na kumwaga maji. Aliinama, akawasafisha kucha na masikio, akiwasemesha kama watoto wachanga wanaokogeshwa: "Geuka, mwanangu, tumalize."

"Hasikii huyo, Bi Riyama," Kazija, mwanafunzi wake, alimcheka.

"Ngozi inasikia."

Kisha kikamwota kivimbe katika ubongo. Mwanawe, Suud, akampeleka Bara Hindi. Madaktari walikiondoa, na kabla ya kulifunga fuvu wakalaza pale kilipokuwa vipande vyembamba vilivyobeba chembe za mionzi, ili viunguze mizizi iliyosalia. Walieleza wazi: kwa wiki chache asikae karibu na wajawazito wala watoto wadogo. Baada ya hapo mionzi hufifia yenyewe, na vipande hubaki humo kama kaa lililozimika.

Wiki hizo chache mtaa ulizigeuza umri mzima. Lamya, mkewe Suud, alijifungua, mtoto akaanza kutambaa, na bado bibi alimwona mjukuu wake kupitia dirisha tu. Sahani yake ilitengwa. Umeme ulipokatika, wanawake waliitana barazani: "Twendeni kwa Bi Riyama tukachambue mchele, yeye anang'aa!" Aliwasikia, akacheka nao, kwani hakuwa na wengine wa kucheka nao.

Kivimbe kiliporudi, alimwita Kazija.

"Mwanangu, sikuombi khitma. Nnakuomba unioshe kwa mikono. Usinimwagie maji kama gari."

"Mie tena nikuache wewe, Bi Riyama?" Aliahidi hivyo akiwa amesimama kizingitini.

Asubuhi aliyokufa, kitanda kiliwekwa uani, ufuo wa kupokea maji ukachimbwa chini yake, majani ya mkunazi yakapondwa. Kazija akaja na mpira wa maji, ule ambao Suud huoshea gari lake.

Nilimpigia simu daktari kule Hindi mbele ya Kazija na wanawake wenziwe, nikawafasiria kila neno: mionzi imekwisha zamani, mwosheni kama mtu mwengine yeyote.

"Yeye yuko Hindi," alisema Kazija. "Hamgusi."

Nikakunja mikono ya kanzu yangu niingie uani nimwoshe mwenyewe. Suud, aliyekuwa ukumbini, akasimama mbele ya pazia la uani.

"Bi Sumaiya, maiti ni wetu. Wewe si katika watu wake."

"Basi mwosheni, enyi watu wake!"

"Ataoshwa."

Akaoshwa. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona Kazija amesimama mbali, dole gumba limebana mdomo wa mpira ili maji yafike. Yalimpiga Bi Riyama usoni, yakaparuza kovu la kichwani, yakashuka ufuoni. Walipotaka kumgeuza, walimsukuma kwa mpini wa ufagio. Hakuna aliyemwambia tumalize.

Hapo Lamya akapiga ukelele. "Subirini! Bangili!"

Mpira ukafungwa. Lamya alikwenda moja kwa moja mpaka kitandani, akaketi ubavuni mwa mkwewe. Bangili za dhahabu zilikuwa zimembana kwa uvimbe. Akaomba sabuni. Akaupaka mkono ule povu, akausugua kutoka kiganjani hadi kiwikoni, taratibu, akipitisha vidole baina ya vidole vya marehemu, akaukanda kifundoni, akausuuza kwa kata, akaupaka tena, mpaka bangili zote zikatoka.

"Mbona humwogopi?" nilimuuliza kutoka nyuma ya pazia.

Aligeuka, bangili zimo kifuani mwake.

"Mionzi iko kichwani, Bi Sumaiya. Huku haiko."

Akarudi nyuma, mpira ukafunguliwa tena, povu likaoshwa. Kisha wakamfunika sanda Bi Riyama, muosha maiti wa Mwembetanga, aliyeoshwa kwa mikono sehemu moja tu ya mwili wake.