Mkono Wenye Namba ya Simu

Mchora mabango huyu mtaa mzima ulimwita Rangi Mbili, kwa sababu ya tatu ilimwishia kila mara. Alikuwa na tabia moja: hakuna kazi iliyotoka kwake bila namba yake ya simu pembeni. Iwe saluni, bucha au choo cha kulipia, namba ilikuwepo.

Dada yake alifua mashuka kwenye kampuni ya udobi. Dawa ya kung'arishia ilimchuna vidole mpaka akawa anashindwa kufunga vifungo. Siku moja akaingia kibandani kwa mdogo wake kama mwizi.

"Mdogo wangu, tunadai glovu. Tuko kumi na tisa, na bosi hajui nani anaongoza. Tuchoree kitu."

"Anaongoza nani?"

"Unamwona hapa."

"Haya, weka mkono."

Akauchora ulivyo, ngozi inabanduka, nyekundu juu ya nyeupe, na chini yake: MIKONO HII SI YA KUTUPA. Yalipoanikwa mabango yote, dada aliyatazama akanyamaza. Kwa mdomo ule usio na likizo, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Asubuhi ya mgomo picha zilisambaa kila simu. Kabla ya adhuhuri, simu ya Rangi Mbili ikalia.

"Wewe ndiye uliyechora ule mkono? Kazi safi sana, fundi."

Miaka kumi na minne ya kuchora kuku na mikasi, hakuna aliyewahi kumpigia kumsifia. Kichwa kikavimba.

"Ndiyo mimi, bosi! Unataka mangapi?"

"Kwanza, nani alikuagiza? Nataka kama yake."

"Si ni dada yangu wa damu! Hata mkono wenyewe ni wake!"

Simu ikakatika. Yeye akadhani ni mtandao.

Jioni dada akaja na barua ya kufukuzwa kazi. "Bosi anasema nimsalimie mdogo wangu, fundi hodari. Namba uliiweka ya nini?"

"Mazoea tu, dada."

"Sisi tunadai glovu, wewe unatafuta wateja."

 

Wiki ya tatu kampuni ikasalimu amri, ikatoa jozi kumi na nane. Dada sasa anafulia majirani uani, mikono mitupu. Rangi Mbili alimpelekea glovu. Akazipokea vizuri tu, akaziweka juu ya kabati.

"Asante. Ila wewe umeshanisaidia vya kutosha."