Vigae vya Mwaisha Vilivyotokwa na Jasho

Ukungu haujaachana na vilele vya Uluguru, na tayari Mwaisha ameinama mbele ya moto. Anachomoa kigae kilichoiva kwa fimbo yenye panda, anakilaza juu ya majani mabichi, kisha anakinyunyizia maji meusi ya magome yaliyochemshwa. Kigae kinachachatika na kufuka mvuke wenye harufu ya msitu. Madoa ya hudhurungi yanakienea mgongoni.

Anayemsalimu hajibiwi mpaka kigae kinyamaze.

Mwaisha ni mfinyanzi, mjane wa makamo, Mwislamu mzaliwa wa vitongoji vilivyo mlimani juu ya Mlali. Tangu kiangazi kilichopita anawaongoza wanawake wa ukoo wa mama yake kufinyanga vigae vya kanisa jipya la misheni. Leo atajua kama kazi hiyo itabaki mikononi mwao.

Kanisa lenyewe limesimama ukingoni mwa mteremko, jekundu, bila kofia. Msingi wake ni wa mawe yaliyobebwa kutoka mtoni. Kuta za matofali ya kuchoma ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala katika kina cha dirisha, na kila dirisha limefungwa juu kwa tao la nusu duara. Boriti za mvule zimekwisha kupandishwa. Kinachosubiriwa ni paa, na masika hayako mbali.

Padre wa misheni alitaka vigae kama vya kanisa alilobatiziwa kwao Ujerumani. Mafundi waashi wakamweleza kwamba udongo wa kufinyanga, katika milima hii, ni kazi ya wanawake, na wakamwelekeza kwa Mwaisha.

Alikubali kwa sababu anayoitaja bila kuzungushazunguka. Akida wa serikali ya Wajerumani hukusanya watu kwenda kulima pamba katika mashamba ya bondeni, lakini wenye kazi misheni huachwa nyumbani. Binti zake wawili wamo katika kundi la vigae.

“Huko bondeni mtu anarudi na homa, au harudi,” anasema. “Hapa wanangu nawasikia wakigombana mchana kutwa. Nawaacha wagombane.”

Vigae vya kwanza viliezekwa juu ya sakristia, chumba kidogo cha nyuma ambamo padre huvalia mavazi ya misa. Vilikuwa vyembamba, vimepinda sawasawa, na vilipogongwa vililia kama kengele. Mwaisha anakiri kwamba alivionea fahari.

Zikaja mvua za vuli. Paa halikuvuja mahali popote pa kuonekana, lakini kila kigae kiliota matone upande wa chini, na matone yakadondoka taratibu juu ya kitambaa cha altare kilichokunjwa mezani. Padre akamwita. Mwaisha akapanda kwenye kiti, akapitisha kidole chini ya kigae, na papo hapo akaitambua kazi ya mkono wake.

Mtungi mzuri wa maji sharti utokwe na jasho, ndipo maji yapoe. Udongo huchanganywa na mchanga, ukachomwa kwa moto mwepesi wa nyasi. Hivyo ndivyo Mwaisha alivyofundishwa na mama yake, na hivyo ndivyo alivyovitengeneza vigae.

“Nilikuwa nimewaezekea mitungi,” anasema, na kicheko kinamshinda.

Severini, fundi mkuu wa paa na mume wa mdogo wake, hakumwacha salama. Alikitangazia kijiji kizima kwamba shemeji yake amejenga kanisa la kupozea mapadre. Padre naye hakukasirika, ila alisema wazi kwamba hawezi kuingia masika kwa paa la namna hiyo. Tangu treni ilipofika Morogoro mwaka juzi, mabati hupatikana kwa urahisi. Kama jaribio la pili litashindwa, ataagiza mabati kutoka pwani.

Ndipo Mwaisha akaacha mtungi, akarudi kwenye chungu. Chungu cha kupikia hakitakiwi kutoa jasho. Huchomwa kwa kuni nzito, na kikiwa bado cha moto hunyweshwa maji ya magome yanayoziba vitundu vyake.

Sasa jua limepanda. Sakristia imeezekwa upya kwa vigae vyenye madoa, na Severini amekaa juu ya paa na ndoo, akisema kwamba padre aliomba paa jekundu naye amepewa mgongo wa kanga. Chini, ndani ya chumba, Mwaisha na padre wamesimama bega kwa bega, nyuso juu.

Maji yanamwagwa, ndoo baada ya ndoo. Padre anapanda kwenye kiti, anapapasa vigae kwa kiganja na kukitazama kiganja. Kikavu. Mara, karibu na ukuta, tone moja linaanguka.

Mwaisha anasogea, anakichungulia kigae.

“Shemeji,” anaita, “hicho umekikanyaga.”

Sauti ya Severini inateremka, ya upole kuliko kawaida yake, ikikubali kwamba kweli kina ufa, na ni pale alipoweka kisigino. Padre anacheka mpaka anaishika meza. Anamwambia Mwaisha akoleze moto. Kanisa lote litaezekwa kwa vigae hivyo.

Mwaisha hashangilii. Anauliza kuni zaidi zitatoka wapi, na anawatuma binti zake wakabandue magome kabla njia za juu hazijateleza.

Alipoulizwa anatarajia nini kanisa likimalizika, alifikiri huku akijifuta udongo uliokauka vidoleni. Misa si yake, alisema, lakini siku ya mvua kubwa atakuja kukaa barazani, asikilize wanavyosali ndani.

“Wakiimba mpaka mwisho bila mtu kuinua macho juu,” alisema, “nitajua nimewaezekea. Nitaondoka zangu, mvua ininyeshee mimi.”